Kama Hakuna Mtu, Rudi Useme

Nyumbani kwangu Kiriba kuna sheria moja ambayo sijaibadilisha tangu niolewe. Aliyetumwa anarudi na neno. Nikikutuma kwa jirani kuazima ungo na ukamkuta, rudi na ungo. Usipomkuta, rudi useme sikumkuta. Usirudi ukakaa pembeni kimya kama gogo, na mimi niko jikoni nangoja na unga haujachekechwa.

Mjukuu wangu wa kike aliivunja sheria hiyo akiwa na miaka saba. Nilikuwa nimepika ugali wa muhogo na samaki ningu wa kuchemsha, nikamwambia, "Pita nyumba nne za majirani, kila utakayemkuta mwambie aje tule." Akaenda. Akarudi. Akaanza kuruka kamba. Nikangoja mpaka ugali ukaota ngozi, ndiyo nikamwita.

"Watu wako wapi?"

"Hawapo, Bibi. Nyumba zote nne. Wamekwenda mnadani."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniambia niseme. Uliniambia kila nitakayemkuta nimwambie aje. Sikumkuta mtu, basi sikumwambia mtu."

Nilimwangalia. Jibu lile lilikuwa sahihi na lilikuwa la kijinga, na mimi nilikuwa sijawahi kuona vitu hivyo viwili vikitoka katika mdomo mmoja kwa wakati mmoja. Nikamrudisha nyumba ya kwanza, akaja kuniambia hapa hakuna mtu. Nikamrudisha ya pili. Mpaka ya nne alikuwa analia, lakini alisema.

Naandika haya kwa sababu leo ni mtu mzima, na kazi inayomlisha ni kutoa amri kwa kitu chenye akili ile ile aliyokuwa nayo yeye siku ile.

Kazi yake iko kwenye ofisi moja Bunda, na siku nyingine anaifanyia kwenye vyumba viwili alivyopanga Mukendo, mjini Musoma. Mimi nilikwenda kukaa kwake nilipokuwa natibiwa jicho. Mkamwana wangu, yaani mama yake huyu mjukuu, naye akaja kutoka Butiama kuniuguza. Mkamwana huyu ni mwalimu mstaafu. Ni mtu wa adabu mpaka inachosha. Akinipa maji anapiga goti, hata kama nimelala na sioni goti lenyewe.

Basi tukawa wanawake watatu na kompyuta moja, na mimi nikiwa na jicho moja limefungwa pamba sikuwa na kazi nyingine ila kuuliza maswali.

Alinieleza hivi. Kuna databesi, ambayo ni ghala la habari. Ndani ya ghala kuna mtumishi. Yeye hakusema mtumishi, hilo ni neno langu, maana siwezi kuongea habari za kitu kisicho na miguu kwa muda mrefu. Unamwachia mtumishi maagizo ndani humo humo ghalani, kwa lugha yake, hatua kwa hatua: shika hiki, angalia kile, ikiwa hivi fanya vile. Yeye anafuata. Hachoki, haibi, hasengenyi. Ila akili ya kujiongeza hana.

"Nilishawahi kuwa na mtoto wa namna hiyo," nikamwambia.

"Bibi, nilikuwa na miaka saba."

"Na yeye ana mingapi?"

Akarudi kwenye kompyuta yake.

Sasa, mwaka ule ofisi ya Bunda ilikuwa inatuma ujumbe kwa wafugaji kuwaambia siku za chanjo. Mjukuu wangu alimwandikia mtumishi: kila mfugaji ambaye siku yake imefika, mtumie ujumbe. Lakini katika kuandika alikosea mwaka. Mtumishi akapekua ghala lote, hakuona mfugaji hata mmoja wa mwaka ule alioandikiwa, akafunga mdomo. Wiki tatu! Kila asubuhi anapekua, haoni mtu, anakaa kimya, na mjukuu wangu anaona kimya anadhani mambo ni mazuri. Alipokuja kugundua akarekebisha mwaka, na mtumishi kwa utiifu wake akatuma ujumbe wote kwa mpigo. Wafugaji wa upande wa Butiama wakafika josho moja, asubuhi moja, na ng'ombe wao wote. Mtaalamu wa chanjo alikuwa mmoja. Nimesikia alipanda juu ya ukuta wa josho na sindano yake, akakaa huko mpaka saa saba mchana akiomba watu wapange foleni, na wao wakimwambia awaambie ng'ombe.

Lawama ilimwangukia mjukuu wangu, na ilimstahili. Lakini hakuishia kulia. Alisema kosa la mwaka ni lake, ila kile kimya si chake, ni cha lugha. Lugha ile ina njia ya kumuuliza mtumishi akimaliza mzunguko wake, yaani kupita kwa mmoja mmoja: je, ulimkuta yeyote? Lakini lazima ukumbuke kuuliza, na uulize papo hapo, kwa sababu ukimpa kazi nyingine katikati anafuta jibu la kwanza kichwani. Yeye alitaka lugha iongezwe mpangilio mpya wa maneno, wao wanauita sintaksia, ili ndani ya agizo lenyewe, kabla ya kulifunga, uweze kuandika: na kama hakuna hata mmoja, fanya hivi.

Nikasema hilo ni jambo la maana kuliko yote niliyowahi kusikia likitoka kwenye kompyuta.

Tatizo ni kwamba lugha hiyo haina mwenyewe mmoja. Inatunzwa na watu wa nchi nyingi ambao hata hawajuani sura, na ukitaka kuongeza neno lazima uwapelekee pendekezo walichambue. Alikuwa ameshawapelekea mara mbili, na mara mbili wakamkatalia. Mara ya kwanza alichagua neno lenye maana ya "la sivyo", wakamuuliza la sivyo nini, wakabishana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akilielewa kivyake. Mara ya pili alichagua neno lenye maana ya "patupu". Hapo mzee mmoja wa huko ng'ambo akasema haiwezekani, kwa sababu watu wengi duniani wameshavipa vitu vyao jina hilo ndani ya maagizo yao ya zamani. Ukilifanya leo kuwa neno la amri, maagizo yote yale yataharibika. Wengine wakamfuata yule mzee kama mbuzi.

Sasa ilikuwa mara ya tatu. Kikao kingekuwa siku ya Alhamisi saa tisa alasiri, kwenye kioo cha kompyuta. Neno lake lilikuwa lile lile "patupu", maana alisema hakuna lingine linalosema kwa ufupi vile, na jibu la kumpa yule mzee hakuwa nalo.

"Wakikataa tena, Bibi, naacha. Sipeleki kitu kwao maisha yangu yote. Watasema yule wa Musoma ni msumbufu."

Alikuwa halali vizuri. Samaki sato mzima nimemkaangia, anakula mkia. Mimi si mtu wa kubembeleza mtoto wa watu na miaka yake ishirini na nane, lakini sato nilimwonea huruma.

Jumatano akasema anataka kufanya mazoezi. Mkamwana wangu, kwa kuwa Kiingereza anakijua, asome mfano ulioandikwa kwenye pendekezo kwa sauti, na yeye aeleze kila mstari kama atakavyoeleza kesho. Mimi nikakalishwa kwenye kiti niwe dunia, yaani wale watu wa nchi nyingi.

Mkamwana akavaa miwani, akasoma vizuri sana mstari wa kwanza. Akafika wa pili, akakohoa.

"Endelea, Mama."

"Kwa kila... Mzee... katika wafugaji," akasema mkamwana.

"Mama, hapo hapajaandikwa Mzee."

"Nimeona palivyoandikwa."

"Basi soma palivyoandikwa."

Mkamwana akainuka kidogo kwenye kiti, akapiga goti kuielekea kompyuta, akakaa tena. "Kwa kila Mzee katika wafugaji," akarudia, safari hii kwa sauti ya chini kabisa.

Ndipo nikaelewa. Mjukuu wangu katika mfano wake alihitaji jina la kumpa yule mfugaji anayeshikwa mmoja mmoja kwenye mzunguko. Akaweka jina la babu yake, marehemu mume wangu, kwa kuwa alikuwa mfugaji na kwa kuwa yeye alikuwa kipenzi chake. Babu alikuwa anamwitaga "mke wangu mdogo", na mimi nikimwita mke mwenza tukigombana. Kwa utani huo yeye jina la babu analitaja apendavyo. Mimi sijawahi kulitaja, nilimwitaga Baba fulani, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Na mkamwana kulitaja jina la baba mkwe wake? Bora umwambie apande juu ya meza acheze.

"Mama, hii ni kompyuta!"

"Na mama mkwe wangu amekaa pale ana masikio mawili."

"Ruka basi hilo neno."

"Nikiruka utasema sijasoma."

"Bibi, mwambie asome!"

"Simwambii," nikasema. "Jina lile halisomwi na mkamwana. Na wewe uliyaona majina yote ya duniani yameisha?"

Mjukuu wangu akashika kichwa. "Basi nalibadilisha. Naandika mfugaji, tumalize."

"Usibadilishe pia! Jina la mume wangu lina kasoro gani?"

Nakubali hapo sikumsaidia. Nje barazani fundi cherehani, jirani yetu, mtu wa adabu zake, alikuwa amesimamisha mashine kabisa ili asikie vizuri.

Mjukuu akamgeukia mama yake. "Hebu niambie. Umefundisha shule miaka thelathini. Ina maana hukuwahi kupata mwanafunzi mwenye jina hilo?"

"Niliwapata wengi."

"Ukawaitaje?"

Mkamwana akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa. Akaniangalia mimi, akaangalia mlango.

"Kwa jina lao," akasema.

Nikasimama na jicho langu moja. "Unasema?"

"Darasani, Mama. Wakati wa kuita mahudhurio tu. Nikisimama mbele ya darasa na daftari mkononi, lile ni jina la mwanafunzi. Nikitoka hapo, nikiwa nyumbani, au ukiwa wewe karibu, lile ni jina la Mzee, na silitaji."

"Miaka thelathini umekuwa unamwita mume wangu kwa jina, na chaki mkononi!"

"Sio yeye, Mama. Ni la mahali. Pale mahali lina kazi nyingine."

"Na walikuwa wakiitika?"

"Walikuwa wakisema nipo, mwalimu."

Nilitaka kusema maneno makali, na nilikuwa nayo ya kutosha. Lakini mjukuu wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, mdomo wazi, kama mtu aliyeona samaki kamongo akitembea barabarani.

"Rudia, Mama," akasema.

"Walisema nipo, mwalimu."

"Hapana, la nyuma yake. La mahali."

"Jina ni lile lile. Likiwa mahali pake lina mwiko, likiwa mahali pengine ni jina tu kama majina mengine."

Akaruka akamkumbatia mama yake, miwani ikadondoka. Halafu akakaa kwenye kompyuta na hakutuongelesha tena. Nilipomuuliza kimetokea nini akanieleza huku anaandika: neno "patupu" si lazima liwe la amri kila mahali. Liwe la amri pale tu, linaposimama peke yake karibu na mwisho wa mzunguko. Kwingine kote libaki jina tu, la kitu chochote ambacho mtu amekipa jina hilo. Maagizo ya zamani hayataguswa hata moja. Alisema lugha hiyo ina maneno mengine kadhaa yanayoishi hivyo hivyo, na yeye alikuwa anaona jibu kila siku bila kulitazama.

Siku ya pili saa tisa nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Aliniambia siko kwenye kikao. Nikamwambia niko kwenye chumba. Tulimwomba fundi apumzishe cherehani kidogo, akasema hana kazi ya haraka, akavuta kigoda chake karibu na dirisha.

Kwenye kioo walitokea watu kama kumi na wawili, kila mmoja kwenye kidirisha chake. Yule mzee alikuwa na kofia ya sufu, na paka alikuwa amelala juu ya makaratasi yake. Nikajua hapo hapo kwa nini hapendi mambo mapya. Mtu asiyeweza kumwondoa paka mezani hataweza kuongeza neno kwenye lugha.

Mjukuu wangu akaeleza, mkamwana akininong'oneza maana yake. Alieleza mambo ya wafugaji wa Butiama na mtaalamu juu ya ukuta, wengine wakacheka. Halafu yule mzee akainua kidole, akauliza polepole: mtumishi atajuaje kama neno hilo ni amri au ni jina la kitu cha mtu?

"Kwa mahali lilipo," akajibu mjukuu wangu.

Mzee akasema hilo analielewa yeye, lakini mtu wa kawaida anayesoma agizo la mwenzake atachanganyikiwa. Neno moja, kazi mbili. Watu hawawezi kuishi hivyo.

Mkamwana alipomaliza kuninong'oneza hilo, nilikuwa nimeshafika mbele ya kioo.

"Mwambie," nikamwambia mjukuu wangu, "mwambie huyu hapa ameishi hivyo miaka thelathini na mimi mama mkwe wake sikujua."

"Bibi, tafadhali."

"Mwambie!"

Akamwambia. Alieleza yote, jina la babu, darasa, mahudhurio, goti. Wale watu kwenye vidirisha walicheka mpaka mmoja akazima sauti yake. Mzee hakucheka. Aliniangalia, akaangalia pembeni yangu mahali mkamwana alipojificha nyuma ya bega langu, akauliza kitu.

"Anauliza," akasema mjukuu, "katika miaka hiyo thelathini, Mama aliwahi kukosea hata mara moja?"

Mkamwana akatoa uso. "Sijawahi," akasema kwa Kiingereza, akiwa mwalimu kweli kweli.

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Halafu, kwa ujinga wa wageni, akauliza jina lenyewe ni lipi. Mkamwana akakimbilia jikoni. Mjukuu wangu akalitaja. Mzee akajaribu kulisema. Akalivunja. Akajaribu tena, akalivunja vibaya zaidi. Mara ya tatu alikuwa anasema kitu kama jina la dawa ya mende, na jikoni nasikia mkamwana ameanza kugonga masufuria ili asisikie. Hata ng'ombe wangu wasingeitika. Nikamwambia mjukuu amwambie mzee inatosha, marehemu amesikia.

Tulidhani watapiga kura pale pale. Hawakupiga. Walisema pendekezo litabaki wazi wiki mbili, na mwenye pingamizi aliandike. Kisha wakapunga mikono, vidirisha vikazimika kimoja kimoja, wa mwisho paka.

Wiki mbili zile nilikwenda kuondolewa pamba, nikaona vizuri, na nilichokiona ni mjukuu wangu akifungua kompyuta kabla ya kunawa uso. Siku iliyofuata baada ya wiki hizo mbili kutimia akaja jikoni, hajui acheke au alie.

"Bibi, muda umeisha. Nadhani imepita."

"Wamesema?"

"Hawajasema kitu. Utaratibu wao, kama hakuna aliyepinga ndiyo wamekubali."

Niliweka mwiko chini. "Yaani umewapelekea mara tatu ombi la kumfundisha mtumishi aseme akikuta hakuna mtu. Na wao wenyewe wamekuta hakuna aliyepinga, wakakaa kimya?"

"Ndio utaratibu, Bibi."

"Waandikie. Waambie bibi yako wa Kiriba anangoja neno."

"Bibi, siwezi kuwaandikia hivyo. Wataona nawasumbua."

"Kwa hiyo utakaa hapo unadhani? Wiki tatu za Bunda ulikuwa unadhani."

Akaenda akaandika. Sikuona alichoandika, lakini naona hakupunguza kitu, kwa sababu siku hiyo hiyo alasiri jibu likaja, na lilitoka kwa yule mzee wa kofia. Mkamwana ndiye aliyetusomea. Mzee alisema ameulizia kwa wote, pingamizi hakuna hata moja, pendekezo limekubaliwa, na litaingia kwenye lugha likishamaliza kukaguliwa. Alisema anaomba radhi kwa kimya. Chini kabisa aliandika kwamba anamsalimu mwalimu, na kwamba ule mfano waliuacha na jina la marehemu kama lilivyo.

Mkamwana alipofika hapo akapiga goti kwa kompyuta. Safari hii hakuna aliyemcheka.

Siku ile nilikaanga sato wawili na mjukuu wangu alikula kuanzia kichwani. Kabla hatujakaa nilimtuma barazani amwite fundi tule pamoja. Akatoka. Nikasikia ndala zake zikienda, kisha nikasikia zikirudi mpaka mlangoni.

"Bibi, hayupo. Amekwenda kuswali."

"Umemwona mwingine yeyote huko?"

"Hakuna hata mmoja."

"Vizuri," nikamwambia. "Kaa ule. Fundi mfunikie mkia, wewe si ndiye uliyekuwa unaupenda?"